Pombe ya Mama na Mahema ya London

(Maneno yaliyosemwa bwaloni, baada ya chakula cha usiku, na mmoja wa wanafunzi wa miaka ya 1965 hadi 1968, katika mkutano wetu wa mwaka.)



Katibu aliponiandikia aliniomba nizungumze juu ya jambo lolote la kuburudisha, mradi lisiwe siasa wala ugonjwa. Ndugu zangu, kwa watu waliopita miaka sabini, ukiondoa siasa na ugonjwa habaki mtu na neno. Nilifikiri siku tatu, nikaona kimesalia kitu kimoja tu ambacho nakijua vizuri na ambacho kimenifurahisha maishani. Kitu hicho ni pombe.

Msicheke bado. Najua wamo humu ndugu zetu Waislamu, wamo Wakristo ambao madhehebu yao hayaruhusu, na wamo ambao daktari amekwisha kuwaharamishia. Nawaomba wasiondoke. Sikuja kumsihi mtu anywe. Wala sisemi juu ya kunywa mpaka mtu abebwe. Sote tunawakumbuka wenzetu ambao viti vyao ni vitupu usiku huu kwa sababu ya chupa, nao walikuwa na akili kutuzidi. Nasema juu ya pombe ya mahali, ile inayopikwa na mtu anayejulikana jina, kwa vitu vya shamba lake, ikanywewa kabla haijaharibika, na watu wakakusanyika kwa ajili yake. Starehe yangu katika maisha imekuwa hiyo. Nikifika mahali huuliza: ninyi hapa mnapika nini, na iko lini?

Lakini kabla ya kuwaambia nilivyoipata starehe hiyo, lazima nitubu kosa, na nitatubu hapa kwa sababu lilitendeka mita mia mbili kutoka meza hii, pale getini.

Wengi wenu mnajua kwamba kwetu ni Kilimanjaro, na mama yangu alikuwa mpika mbege. Sanduku langu la bati, viatu vyangu vya kwanza, shuka mbili na nauli ya basi, vyote vilitoka katika pipa lake. Siku moja ya Jumapili mwaka 1966, nikiwa Kidato cha Pili, alikuja kuniona. Alikuwa amepika usiku kucha, akapanda basi la asubuhi bila kupumzika, na kanga yake ilikuwa na harufu ya moshi na ya ndizi zilizochachuka. Alibeba kapu la ndizi za kuchoma. Tulikuwa wavulana sita au saba pale getini. Mmoja akavuta pua, akasema, "Huyu anatoka kilabuni." Wengine wakacheka. Kisha mmoja akaniuliza, "Ni nani wako?"

Nikajibu, "Ni jirani yetu. Mama amemtuma."

Nilisema kwa sauti ya kutosha. Mama alisikia. Akanipa kapu, akasema, "Mama yako anakusalimu," akageuka, akarudi kituoni. Yule aliyecheka tumo naye humu ndani usiku huu, nami simtaji wala simlaumu. Yeye alicheka tu. Aliyemkana mama ni mimi.

Basi, miaka ikapita. Nikasomea ukaguzi wa vyakula, nikaajiriwa, nikavaa koti jeupe. Katika kazi hiyo nilimwaga pombe ya wanawake wengi kama mama yangu. Nyingine ilistahili kumwagwa, maana ilikuwa imewekwa katika mapipa yaliyowahi kubeba dawa za mimea. Nyingine niliimwaga kwa sababu mwenyewe hakuwa na karatasi, nami nilikuwa kijana mwenye kalamu.

Mwaka 1979 nilipelekwa Uingereza kwa masomo zaidi. Nilipanga chumba London kwa mzee mmoja, fundi mitambo mstaafu, mtu wa maneno machache. Mwaka uliofuata, 1980, akaniambia, "Jumamosi twende ukaone bia." Nikadhani ananipeleka kiwandani. Nikavaa tai.

Tulikwenda juu ya kilima kaskazini ya mji, mahali paitwapo Alexandra Palace. Ni jumba kubwa sana la karne ya kumi na tisa, na sherehe ya bia ilikuwa ikifanyika ndani yake tangu mwaka 1977. Lakini mwezi Julai mwaka ule ule wa 1980 moto ulikuwa umeliunguza sehemu kubwa. Nikauliza, "Sasa hiyo sherehe itakuwa wapi?" Mzee akaonyesha kidole. Palikuwa na mahema uwanjani, makubwa kama ya maonyesho ya Sabasaba, na jumba lililoungua likiwa limesimama nyuma yake. Nyumba ilikuwa imeungua, na watu walikuja vile vile.

Ndani ya hema niliona mapipa yamelazwa juu ya vichanja, safu kwa safu, na kila pipa limeandikwa jina la bia, jina la mpishi wake na mji inakotoka. Mlangoni unalipa amana ya bilauri, na ukiondoka ukairudisha unapewa fedha yako. Waliokuwa wakimimina hawakuwa watumishi wa kulipwa. Walikuwa walimu, makarani, waashi, waliojitolea bure kwa sababu ya kuipenda kazi hiyo. Mzee wangu hakuomba painti nzima, ambayo ni zaidi kidogo ya nusu lita. Aliomba nusu painti. Akainua bilauri, akaitazama kwenye mwanga, akanusa, akanywa kidogo, akanyamaza. Kisha akamwuliza aliyemimina: shayiri yake ya wapi, imefika lini, pipa limefunguliwa saa ngapi? Akajibiwa yote. Tukakaa pale saa nne, na sidhani kama alimaliza painti tatu. Nikaona kwamba huyu mtu hakuja kulewa. Amekuja kusikiliza kwa ulimi.

Mimi nikapewa bia nyeusi, laini, isiyo na ukali, ambayo wao huiita mild. Mzee akanieleza kwamba hiyo ilikuwa bia ya wafanyakazi wa viwanda na migodi, watu waliotoka jasho mchana kutwa na kutaka kinywaji kisichowaangusha; na kwamba watu wenye suti walikuwa wameanza kuidharau. Lakini mwaka ule wa 1980 mild ya kampuni ya Thwaites, kutoka Blackburn, mji wa viwanda vya pamba, ndiyo iliyopewa tuzo ya bia bora ya Uingereza. Watu wenye digrii wakapanga foleni kwa ajili ya kinywaji cha wasukuma mikokoteni.

Nikauliza imekuwaje. Akanipa hadithi yenyewe. Miaka ya 1960 makampuni sita makubwa yalikuwa yameshika sehemu kubwa ya biashara ya bia nchini humo. Viwanda vidogo vikanunuliwa na kufungwa kimoja baada ya kimoja. Bia iliyoletwa badala yake ilichujwa, hamira yake ikauawa kwa moto, ikasukumwa kwa gesi, nayo ilikuwa na ladha ile ile kutoka pwani hata pwani. Haikuharibika upesi, na hiyo ndiyo iliyokuwa faida yake kwa mfanyabiashara. Bia ya zamani ilikuwa tofauti: iliwekwa katika pipa ikiwa ingali na hamira hai, ikaendelea kuchachuka mle mle. Ilisafishwa kwa dawa itokanayo na kibofu cha hewa cha samaki, kile ambacho wenzetu wa Mwanza hukiita bondo, ili tope lishuke chini. Ilihitaji mtu wa kuitunza, na pipa likifunguliwa ilikuwa na siku chache tu za kuishi.

Mwaka 1971 vijana wanne wa Kiingereza, wakiwa likizoni Ireland, walikubaliana kuunda chama cha kuitetea bia hiyo. Chama hicho ndicho Campaign for Real Ale. Hawakuvunja dirisha la mtu. Walifanya mambo mawili: waliandika kitabu cha kuwaonyesha watu mahali ambapo bia nzuri bado inapatikana, na waliwaita watu waje kuionja. Mwaka 1975 walifanya maonyesho katika soko la zamani la Covent Garden, na miaka miwili baadaye wakahamia kwenye lile jumba la kilimani.

Ndugu Mwenyekiti, nilisikiliza hadithi ile huku nimeshika bilauri, na mkono ukaanza kutetemeka. Maana kinywaji chenye uhai ndani yake, cha siku chache, chenye tope kidogo, kinachopikwa na mtu mwenye jina, mimi nilikijua. Nilikua nacho. Nilikikana getini.

Kule kwetu kina mama wa jirani walikuwa wakipokezana siku. Habari ilipita sokoni: kesho kutwa iko kwa fulani. Watu walijua kwamba ya huyu ni chungu kidogo, ya yule ni nzito, na ya mama yangu ni laini na haiumizi kichwa. Mpikaji alionja kwanza mbele ya watu, kuwaonyesha kwamba haina ubaya, kisha kata ikazunguka kuanzia kwa wazee. Hapakuwa na bilauri ya amana, lakini adabu ilikuwa ile ile. Nikajiuliza: kwa nini nimesafiri mpaka London ndipo nijue kwamba lile lilikuwa jambo la kuheshimiwa?

Nilirudi nchini mwaka 1981, na Desemba nikapanda kwenda nyumbani. Nikamwambia mama, "Nifundishe kupika mbege." Alicheka mpaka akakaa chini. "Umevuka bahari," akasema, "uje usomee pipa la mama yako?" Lakini alinifundisha. Nilichukua daftari na saa. Kila nilipouliza kipimo alinionyesha mkono wake.

Kwa wale wasioijua, mbege hupikwa hivi. Ndizi mbivu humenywa na kuchemshwa saa nyingi mpaka zigeuke rangi na kuwa nyekundu nyekundu. Hupozwa, hutiwa katika pipa, na kuachwa zichachuke kwa siku kadhaa. Wakati huo ulezi huwa umeloweshwa, ukafunikwa mpaka ukaota, ukaanikwa juani na kusagwa. Hicho ndicho kimea, na kazi yake ni ile ile inayofanywa na kimea cha shayiri huko Ulaya. Kimea hupikwa uji. Ndizi zilizochachuka hukamuliwa na kuchujwa, maji yake yakachanganywa na uji huo. Uchungu hutoka katika gome la mti uitwao msesewe, nao unafanya kazi ambayo Wazungu wameipa hopsi. Kesho yake mbege iko tayari. Keshokutwa bado ni nzuri. Baada ya hapo inaanza kuwa siki, na mpishi mwenye haya haiuzi.

Nikamweleza mama juu ya mahema na mapipa na mzee aliyeitazama bia kwenye mwanga. Alisikiliza, kisha akauliza swali moja tu: "Na wale wapishi, watoto wao wanawajua?" Sikuwa na jibu. Nilitazama chini. Kwetu mtu aliyekosa huchukua jani la isale akaenda nalo kwa aliyemkosea, na jani hilo halikataliwi. Isale ilikuwa imepandwa mpakani mwa kihamba, hatua kumi kutoka pale nilipokaa. Sikuinuka kwenda kulikata. Nilijiambia nitalikata mwaka ujao. Mama alifariki mwaka 1994, na jani sikulikata.

Sasa niseme kama mkaguzi mstaafu, ili nisieleweke vibaya. Si kila cha kienyeji ni kizuri. Pipa chafu ni pipa chafu hata kama ni la bibi yako. Gongo inayokenekwa gizani imepofusha watu na kuwaua, na atakayewaambia kwamba hiyo ni mila anawadanganya. Pombe nzuri ya kienyeji huchemshwa vizuri, hukaa katika chombo safi cha chakula, na mpishi wake haoni haya kukuonyesha jiko. Lakini mpishi tunayemfukuza na kumdharau huenda kujificha, na anayejificha haoshi pipa. Hilo nililijifunza nikiwa nimechelewa, baada ya kumwaga nyingi.

Mwaka 2015 nilikwenda tena London kumtembelea binti yangu, naye akanipeleka kwenye sherehe ile ile, sasa ikiwa katika ukumbi wa Olympia. Yule mzee wangu alikuwa amekwisha kufa siku nyingi. Lakini vijana walijaa. Nilikuta bia zilizotiwa matunda, zilizotiwa kahawa, zilizolazwa katika mapipa ya mvinyo. Viwanda vidogo vilikuwa vimezaliwa kwa mamia, na sababu mojawapo ni kwamba mwaka 2002 serikali yao iliwapunguzia kodi wapishi wadogo, ikaona kwamba si haki mwenye sufuria kulipa sawa na mwenye bahari. Baadhi yao hutoa bia mara moja tu kwa mwaka. Septemba, kwa mfano, wakati hopsi zinapochumwa, wapo wanaotumia mbichi zilizotoka shambani siku ile ile. Ukikosa, ungoje mwaka mwingine. Nikamwambia binti yangu, "Hii ni kama ulanzi." Akauliza ulanzi ni nini. Mwanangu mwenyewe, ndugu zangu.

Nikamweleza kwamba Iringa na Njombe, mvua zinapoanza, watu hukata ncha za mianzi michanga wakakinga utomvu wake katika vipande vya mwanzi, na kwamba mvua zikikoma, ulanzi nao umekwisha. Nikamweleza rubisi ya Bukoba, wanzuki ya asali, na mnazi wa pwani unaogemwa asubuhi na jioni. Alistaajabu. Akasema, "Baba, mbona haya huwa huyasemi?"

Basi niliporudi, Desemba ile nikamwomba dada yangu, ambaye alirithi mkono wa mama, tufanye kitu kidogo. Kati ya Krismasi na Mwaka Mpya, wakati kila Mchagga mwenye nauli yuko nyumbani, tuliwaalika wapishi saba wa kijiji. Kila mmoja alileta pipa lake, tukaliandika jina lake kwa chaki. Tukanunua vikombe vidogo. Watu wakaonja hapa na pale, wakabishana, wakamsifu huyu na yule. Tuliweka ndoo ya togwa kwa watoto na wasiokunywa. Hatukutoa tuzo, maana sisi twajuana. Lakini niliona bibi mmoja wa miaka themanini amesimama karibu na pipa lenye jina lake, amenyoosha mgongo kama askari wa gwaride.

Tumefanya hivyo kila Desemba, isipokuwa mwaka 2020, wa korona, ambapo tulikaa kila mtu kwake. Lakini sikuja kuwapa habari njema tu. Wapishi walikuwa saba. Desemba iliyopita walikuwa watatu. Wawili wamefariki, wawili miguu imekataa. Binti zao hawataki moshi, nami siwalaumu: lori linaponunua ndizi njiani, fedha huja siku ile ile bila kukesha. Msesewe mmoja mkubwa uliokuwa karibu nasi umekatwa kwa mbao. Dada yangu ana miaka sabini na minane. Daftari langu la mwaka 1981 lipo, lakini mikono ya mama niliyoichora humo kama vipimo haimwambii mtu kitu mpaka aisimamie sufuria.

Kwa hiyo nina ombi moja kwenu, na ni dogo. Kila mmoja wetu humu alisomeshwa na kitu. Wengine ni kahawa, wengine ng'ombe, wengine samaki, na nadhani wengi kuliko tunavyokiri tulisomeshwa na pombe ya mama. Mwende nyumbani mkamtafute yule ambaye bado anapika. Mlipe bei ya haki, onja kidogo, mwulize anavyofanya, nawe uandike, ukiwa na mtoto wako kando yako. Usipokunywa, kaa naye tu jikoni. Wale vijana wanne wa mwaka 1971 hawakuwa na kitu zaidi ya hicho: walikwenda, wakauliza, wakaita wenzao.

Ndugu Mwenyekiti, namalizia. Pale mlangoni pana vibuyu viwili na ndoo moja. Vibuyu ni mbege ya dada yangu, iliyokamilika jana, na imekuja kwa basi la asubuhi kama ilivyokuja mwaka 1966. Ndoo ni togwa. Wenye kuendesha magari nawaomba wapite kwenye ndoo. Dada yangu mwenyewe amekaa pale nyuma, karibu na mlango, ana harufu ya moshi, kwa sababu amepika.

Na asiwepo atakayeuliza ni nani wangu. Ni dada yangu. Na yule aliyekuja getini Jumapili ile na kapu la ndizi alikuwa mama yangu.